Ya Mwisho ya Moto

Jumatatu, 3 Februari 2025

Wiki ya tatu sasa. Leo darasani nimekohoa mpaka mhadhiri akanyamaza, akasubiri nimalize. Aibu! Fowsiya akanisogezea chupa yake ya maji, akaniambia niache ukaidi, niandikie ukurasa wa zahanati ya chuo. Unaitwa Zahanati Mkononi. Siku hizi hupangi foleni, anasema — unaandika inboksi, muuguzi anakujibu. Yeye ndiye anayewatengenezea video. Kazi hiyo aliipata mwezi wa kumi, na barua ya kuiomba tuliiandika pamoja kwenye meza ya kibanda cha chakula cha Mama, tukila chapati madondo, maharagwe yake. Kwa hivyo hata mimi nina mkono wangu hapo.

Jioni nimeziangalia video zote. Sista Jacklyne, muuguzi wa chumba namba mbili, barakoa usoni, anacheza dansi. Halafu maandishi: Kikohozi wiki mbili? Usikae nacho! Watu kumi na mmoja wameipenda. Chuo kizima, kumi na mmoja. Maskini Sista.

Mama naye anakohoa, lakini yeye ni moshi wa makaa. Anakohoa tangu nilipokuwa shule ya msingi.

Jumatano, 5 Februari

Nimeamka shati limelowa jasho, tena. Basi nimewaandikia. Kwanza unajaza fomu kwenye simu — jina, nambari ya usajili, na chini kabisa kisanduku cha kukubali masharti. Nani husoma masharti? Nimeweka alama nikapita. Kisha wakasema kama kuandika ni kugumu naweza kutuma sauti, na itasikilizwa na mhudumu wa afya peke yake.

Nimeenda nyuma ya kibanda, penye magunia ya makaa, nikarekodi. Nilitaka kusema nakohoa, natoka jasho, nimepungua. Sentensi tatu. Nimetuma dakika nne na sekunde kumi na mbili! Kumbe nilikuwa nimebana mengi. Nimemwambia Sista naogopa mama yangu akijua atafunga kibanda akae na mimi, vile alivyofunga nilipovunjika mguu kidato cha pili. Miezi miwili tulikaa hivyo na wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Nimemwambia kwamba hapa Kayole, kibanda cha chakula kikitajwa pamoja na kifua kikuu, kimekwisha.

Katikati ya maneno Mama akaita wateja kule mbele. "Ya mwisho ya moto! Ya mwisho!" Ndivyo anavyoita, miaka kumi na nne, na haijawahi kuwa ya mwisho. Chini ya kitambaa huwa kuna chapati nyingine kumi. Wateja wanajua na wananunua huku wakicheka. Nikacheka na mimi humo humo kwenye rekodi, nikamwambia Sista, umesikia huyo? Anadanganya, huyo ndiye Mama.

Halafu nikasema la mwisho. Kwamba Mama pia anakohoa. Kwamba najua lazima amwite, lakini asimwite sasa, nitamleta mwenyewe mitihani ikiisha. Nimetuma kabla sijajirudi.

Ijumaa, 7 Februari

Ni kifua kikuu.

Nimeandika hivyo ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Asubuhi nilitemea makohozi kwenye kikopo cha zahanati, saa nane mchana Sista akaniita ndani akafunga mlango. Hakuwa na mzaha wa kwenye video. Alinishika mkono akaniambia ni ugonjwa unaopona. Dawa kila siku, miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, nisishtuke. Nikizinywa vizuri, baada ya wiki mbili hivi sitaambukiza tena kwa urahisi.

Kisha akauliza naishi na nani nyumbani.

Nilimwangalia. Si nimemwambia kwenye sauti? Dakika nzima nimemweleza kuhusu Mama! Nikadhani amesahau, ana wagonjwa wengi. Au amenielewa, amenihurumia, ananipa nafasi. Nikasema naishi peke yangu. Bedsita, chumba kimoja cha kupanga. Akaandika hivyo, na mimi nikatazama kalamu yake ikiandika.

Jumanne, 18 Februari

Dawa ziko kwenye pakiti ya pedi. Nazinywa saa kumi na mbili asubuhi Mama akiwa nje anawasha jiko. Kichefuchefu, halafu kinapita. Sijatoka jasho siku nne.

Kila asubuhi nafungua dirisha la chumba tunacholala wote nyuma ya kibanda, kila asubuhi Mama analifunga akilalamika baridi. Nina kikombe changu. Sista alisema vikombe havina neno, ni hewa tu, lakini moyo wangu haujatulia. Unga sikandi tena, nasema nina kazi ya darasa. Mama anasema chuo kimenifanya mvivu na mwenye maringo. Amesema kwa utani, nami nimecheka.

Fowsiya ananiuliza kila siku naendeleaje. Ananiletea mandazi ya kwao mtaa wa Fedha, yale yenye iliki. Sijamwambia ni ugonjwa gani. Hajaniuliza pia. Naona huyo ni rafiki mwenye adabu.

Alhamisi, 6 Machi



Imeingia kwenye grupu ya darasa saa tatu asubuhi. Katuni. Msichana aliyevaa barakoa, na nyuma yake mama mnene mwenye macho mekundu, ameinua mti wa kusukumia chapati. Sauti ni yangu. Yangu! "Nakohoa wiki ya tatu. Naogopa mama yangu akijua —" Hapo wamekata. Kinafuata kikohozi changu. Halafu sauti ya mama yangu, yenye furaha kabisa, "Ya mwisho ya moto! Ya mwisho!" na ule mti unashuka. Maandishi: Mzazi asikuzuie kupimwa. Zahanati Mkononi.

Sekunde ishirini na tatu. Walioipenda, elfu arobaini na mbili.

Nimesoma komenti zote, ujinga wangu. Huyo mama ashikwe. Huyo mama ni mchawi. Mwingine anauliza anauza wapi wakamchomee kibanda, halafu ameweka alama za kucheka. Na watu wanaichukua ile sauti wanaigiza — wavulana wa hosteli wamejifunga leso, wameshika miiko, wanafungua mdomo na sauti inayotoka ni ya Mama.

Naogopa mama yangu akijua atafunga kibanda akae na mimi. Ndivyo nilivyosema. Ni sentensi moja. Wameikata katikati.

Fowsiya hakuja darasani. Sijampigia. Nafikiri tu kwamba Fowsiya anaijua sauti yangu. Fowsiya amekula kwenye ile meza.

Jumamosi, 8 Machi

Frankline wa kutengeneza simu, meza yake inapakana na kibanda chetu. Si mtu mbaya. Saa saba mchana wateja wamejaa, mimi niko mlangoni nachagua maharagwe, namsikia anaita, "Mathe! Umekuwa staa! Ona!"

Mama alicheka. Alidhani kuna mteja aliyemrekodi akiuza. Akafuta mikono kwenye aproni, akamwambia Frankline airudishe, naye Frankline akamwonyesha pa kubonyeza. Akarudisha mwenyewe. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu aliisikiliza ameinamisha kichwa, simu sikioni, na watu wakaacha kutafuna.

Aliwahudumia wote. Alikusanya sahani zote. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, akaniuliza naumwa nini.

Nilimwambia. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Afadhali angepiga kelele! Alienda mwenyewe kwenye pakiti ya pedi — sijui alijuaje — akatoa dawa, akasoma jina langu kwenye karatasi polepole, Nthoki, kana kwamba ni mtoto wa mtu mwingine.

"Niko hapo mbele, hatua nne," akasema. "Wewe unaenda kuambia simu."

Nikasema nilitaka kumwambia mitihani ikiisha.

"Na ukaiambia unaniogopa."

Nikasema wamekata, sikusema hivyo, wamekata. Akauliza ile ni sauti yangu ama si yangu. Nikasema ni yangu. Akasema basi.

Baadaye alichemsha chai. Alichukua kikombe changu, kile nilichojitengea, akakijaza, akakinywa chote akiniangalia. Sikujua kama ni mapenzi au ni adhabu. Nimelia huku nikichagua maharagwe.

Jumapili, 9 Machi

Ameenda kanisani peke yake. Amerudi mapema.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempata Fowsiya nyuma ya maktaba. Amefunga Ramadhani, midomo imekauka, na kwa dakika moja nilimhurumia. Dakika moja.

Alianza na hesabu. Mwezi mzima wa Februari wanafunzi tisa ndio waliokuja kupimwa kifua. Tangu Alhamisi wamekuja mia moja thelathini na mmoja. Wamepanga foleni mpaka kwenye maua. Sita wamepatikana na ugonjwa. "Sita, Nthoki," akasema. "Wangekuwa wanakoholeana tu huko hosteli." Nikasema nafurahi kwa ajili ya hao sita. Na ni kweli, nafurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba siwezi hata kusema kazi yake ilikuwa bure.

Kisha akanifungulia fomu kwenye simu. Kipengele cha saba. Ujumbe unaweza kutumika kuhamasisha bila kutaja jina. Na alama yangu iko hapo. Akasema jina langu halikutajwa popote. Anasema hivyo kama mtu aliyefunga mlango vizuri na akashangaa nyumba imeibiwa.

Nikauliza kama Sista aliisikiliza. Akatazama viatu vyake. Sista hasikilizi yoyote, hana wakati. Ni Fowsiya anayesikiliza zote, kisha anamwandikia Sista mistari miwili. Yangu ilisema: kikohozi wiki tatu, jasho, amepungua, aje apimwe. Basi. Mama hayumo.

Kwa hivyo Sista hakusahau. Hakunihurumia. Hakujua.

Nikamuuliza swali moja la mwisho, kama alijua ni mimi.

"Nilijua kabla hujamaliza sentensi ya kwanza."

Akaanza kueleza. Kwamba video ikipita nusu dakika watu hawaangalii. Kwamba ile sehemu ya Mama ndiyo iliyowafanya watu wafike mwisho, ilikuwa tamu, aliipenda tangu zamani. Kwamba mkubwa wa kitengo alikuwa amempa wiki mbili, ukurasa upande au ufungwe. Kwamba wallahi hakudhani yeyote angemtambua. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nimetembea mpaka stendi na mandazi yake kwenye mfuko, yale ya wiki iliyopita, yamekuwa magumu. Sikuyatupa. Sijui kwa nini sikuyatupa.

Jumatano, 12 Machi

Wateja hawakukimbia wote. Hilo sikulitarajia. Wengine wanakuja kumtazama Mama. Wanasimama ng'ambo, wananyoosha simu, wanamwomba aseme. "Mathe, sema ile ya mwisho!" Hasemi. Tangu Jumamosi Mama hajaita. Anauza kimya, na saa tisa chapati bado zimejaa kwenye hotipoti.

Walaji wa kweli wamepungua. Mafundi wa ujenzi hawaji tena, na wale walikuwa wanakula sita sita. Frankline amekula sahani tatu leo. Hana hamu, ni dhamira inamsumbua, anatafuna kama anafanya kibarua.

Leo Mama amekohoa muda mrefu. Nimemwambia twende kituo cha afya cha serikali, kupima ni bure, ni kikopo tu. Akasema ni moshi. Nikasema hata mimi nilisema hivyo. Akaniuliza kama nataka aende wamrekodi. Nikasema hawarekodi. Akasema hata wewe hukujua wanarekodi.

Nilirekodi mwenyewe. Nikaendelea kufuta meza.

Ijumaa, 14 Machi

Sista Jacklyne amepiga simu. Ameiondoa video, amemsimamisha Fowsiya, ameomba radhi mara nne, nilihesabu. Lakini nakala ziko kila mahali, hata yeye anajua. Nikadhani amemaliza. Ndipo akasema Fowsiya amemweleza naishi na Mama; mwanangu, kwa nini uliniambia unaishi peke yako?

Nikasema nilikuambia kuhusu Mama kwenye sauti, Sista. Nilikuambia hata anakohoa.

Nilisikia watu wakiitwa foleni nyuma yake.

Akasema nimlete Mama wiki hii, nisingoje. Mtu aliyelala chumba kimoja na mgonjwa na anakohoa lazima apimwe. Kama haji, atakuja yeye nyumbani, bila sare, bila simu mkononi. Nimempelekea Mama habari hizo jikoni. Amesema hataki kuona mtu wa zahanati yoyote mlangoni pake. Amesema kama yeye ndiye wa kuogopwa, basi na aogopwe, wakae mbali.

Nimejaribu kila njia. Nimemwita shangazi kwa simu, Mama amekataa kuongea. Nimepiga magoti. Amenipita akaenda kuteka maji.

Ile sauti nzima bado iko kwenye simu yangu. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Akiisikia atajua nilimwogopea, sikumwogopa. Atajua kuhusu kibanda, kuhusu mguu, kwamba nilicheka nikasema huyo ndiye Mama. Pengine moyo ungelainika, akubali kupimwa.

Lakini dakika ya tatu iko hapo. Mama pia anakohoa, Sista. Usimwite. Hiyo haikukatwa na Fowsiya. Hiyo ni yangu. Tangu tarehe tano Februari nilijua, na wiki tano na zaidi nimemwacha akikohoa kando ya jiko ili nimalize mitihani yangu. Mitihani haijaanza hata!

Nimefikiria kuikata. Najua kukata, mimi na Fowsiya tulifundishwa darasa moja. Ingechukua dakika mbili. Nimefungua programu, nimeweka kidole mahali pa kukatia, nimeitazama.

Nimeifunga.

Jumapili, 16 Machi

Saa kumi jioni.

Mama hajaenda kanisani. Hiyo peke yake ni habari. Amepika chache tu. Mchana alikohoa akashika meza kwa mikono miwili, na alipomaliza akajifuta mdomo na kitambaa, akakikunja haraka akakitia mfukoni. Sikuona kilicho ndani. Namna alivyokikunja ndiyo iliyonitisha.

Nimempa simu. Nimesema Mama, hii ndiyo yote. Sekunde zile wamezitoa humu. Nimesema kuna mahali hutapenda. Hakuuliza wapi. Alichukua, akaketi kwenye kiti chake kando ya jiko, akaniashiria niingie ndani.

Niko nyuma ya pazia na daftari. Nikikaa bure nitatoka mbio.

Inacheza. Najisikia nikieleza jasho, nikieleza kupungua. Sauti yangu ya kubembeleza, sikujua nina sauti hiyo. Sasa kibanda. Sasa mguu, kidato cha pili, miezi miwili. Hajasogea, namwona kivuli tu. "Ya mwisho ya moto! Ya mwisho!" Na mimi nacheka humo. Umesikia huyo? Anadanganya. Huyo ndiye Mama.

Amecheka! Kidogo, puani. Nimemsikia. Wiki nzima sijasikia hicho kicheko.

Lo, angezima hapo.

Dakika ya tatu. Mama pia anakohoa, Sista. Yeye anasema ni moshi na mimi nasema ni moshi. Najua lazima umwite. Naomba usimwite.

Amesimamisha.

Amerudisha nyuma. Anajua kurudisha, Frankline alimwonyesha.

Mama pia anakohoa, Sista.

Amerudisha tena. Naomba usimwite. Tena. Naomba usimwite.

Mtu amekohoa. Siwezi kujua ni mimi wa kwenye simu au ni yeye hapo nje. Tena. Kiti kimesogea, amesimama, anakuja kwenye pazia —